Jino la Pembe si Dawa ya Pengo



Methali niliyoiweka hapo juu waijua. Wazee walitufundisha tukiwa watoto, nami nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi niliwafundisha watoto wa watu kwa miaka 33. Maana yake, kama tulivyoandika ubaoni, ni kwamba kitu cha badala hakiwezi kushika sawasawa mahali pa kitu halisi kilichopotea. Mtoto aliyefiwa na mama hulelewa na mama mwingine, akashiba na kushukuru, lakini pengo lipo. Ndivyo nilivyofundisha. Wala sikupata kufikiri hata siku moja juu ya jino lenyewe, wala juu ya pengo lenyewe, mpaka nilipokuwa na pengo langu mwenyewe kinywani.

Leo nataka kukusimulia habari hiyo. Si habari ya kujivunia, utaona mwenyewe. Lakini nadhani nyumbani mwako, au nyumbani mwa jirani yako, yumo mtu afunikaye mdomo kwa kiganja anapocheka. Namwandikia huyo, na zaidi namwandikia yule akaaye naye.

AJALI NJIANI

Mwezi wa Julai mwaka 2019 nilikuwa nikishuka kutoka Mgeta kurudi Morogoro mjini, nimepanda bodaboda. Kijana aliyeniendesha hakuwa mlevi wala hakuwa na haraka. Njia ilikuwa na changarawe, gurudumu la mbele likateleza, nasi tukaanguka. Yeye alichubuka goti. Mimi nilipiga uso chini. Kofia ngumu niliyopewa nilikuwa nimeishika mkononi badala ya kuivaa kichwani; hilo ni kosa langu, sina wa kumlaumu.

Nilipoinuka, meno mawili ya mbele ya juu hayakuwapo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza kabichi kando ya njia aliliokota moja katika vumbi, jino zima na mzizi wake, akaniletea. Nikalisugua kwa leso mpaka likang'aa, nikalikunja humo, nikalitia mfukoni. Nilifika hospitali baada ya saa tatu. Daktari wa meno akaifungua ile leso, akatikisa kichwa.

"Mwalimu," akasema, "jino hili lilikuwa hai. Limekufa mfukoni mwako."

Ndipo nikajifunza jambo ambalo katika miaka yote ya kufundisha somo la afya sikupata kulijua, nami nakupa wewe bure. Jino la mtu mzima liking'oka zima kwa ajali, lishike upande ule unaoonekana mtu akicheka, usishike mzizi. Kama lina uchafu, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi, lakini usilisugue. Kisha lirudishe mara moja katika tundu lake, uume kitambaa safi kulishikilia, ukimbilie kwa daktari. Kama huwezi kulirudisha, litie katika maziwa. Ndani ya nusu saa, hata saa moja, tumaini ni kubwa. Jino likikauka, tumaini hukauka nalo. Ila jino la utoto usilirudishe, maana waweza kulidhuru jino la ukubwani lililo chini yake.

Nawe fikiri: Mgeta ni nchi ya mbuzi wa maziwa. Maziwa yalikuwa katika nyumba za watu pande zote za njia ile, nami nikazipita nikiwa na jino langu mfukoni limefungwa kama sadaka. Jirani mmoja alinitania nilirushe juu ya paa, kama tulivyofanya utotoni, ili niote jingine.

Jino la tatu, jirani ya yale mawili, lilipasuka mzizi, likang'olewa wiki mbili baadaye.

MENO YA KUVAA

Mwaka ule ule nilitengenezewa meno ya kuvaa. Ni kibao chembamba cha plastiki cha rangi ya ufizi, kinachoshika kaakaa la juu, na meno matatu yamepandwa mbele yake. Usiku wayavua, wayaosha, wayatia katika kikombe cha maji. Bei yake ni nafuu, na watu wengi sana duniani huyavaa na kuishi kwa heshima. Mimi siyadharau hata kidogo.

Lakini nimekwambia kwamba nilikuwa mwalimu; sasa nikuambie kwamba nilikuwa pia msomaji wa masomo parokiani. Kwa kazi hiyo meno ya mbele si pambo, ni chombo cha kazi. Jaribu, msomaji, kusema "fadhili", au "thawabu", au "uvumilivu", pasipo kugusa meno ya juu kwa mdomo wala kwa ulimi. Utapuliza upepo mtupu. Wale Wafilipi na Waefeso na Wathesalonike ambao Mtume Paulo aliwaandikia nyaraka zake, wote wanahitaji meno.

Miaka miwili ya kwanza meno yale yalinisaidia vizuri. Kisha yakaanza kulegea. Nilidhani plastiki imechakaa. Kumbe kilichobadilika si plastiki, ni mimi. Mzizi wa jino husukuma mfupa wa taya kila mara tunapotafuna, na kazi hiyo ndiyo inayouweka mfupa katika uzima wake. Jino likitoka, mfupa ule unakosa kazi, nao huanza kuyeyuka pole pole kama tuta la viazi lililoachwa kwa mvua. Katika mwaka wa kwanza hupungua sana, kisha huendelea kupungua kidogo kidogo miaka yote. Kwa hiyo kibao kilichokaa sawasawa mwaka 2019 kilikuwa sasa kimekaa juu ya kilima kilichoshuka. Yafaa mtu ayarudishe meno yake kwa daktari yakapimwe na kurekebishwa. Mimi sikufanya hivyo. Nilinunua dawa ya kuyagandisha, na ilipokwisha sikununua nyingine.

Basi ilifika Dominika ya tarehe 19 Novemba 2023. Somo la pili lilitoka katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, lile linaloonya kwamba siku ya Bwana itakuja ghafula. Kanisa lilikuwa limejaa. Nilipofika mahali panapotajwa mwizi wa usiku, kibao kikashuka, kikagonga kitabu cha masomo, kikaruka mpaka sakafuni. Watoto wa kipaimara walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Wakacheka. Nani atawalaumu? Ningekuwa na miaka 12 nami ningecheka.

Niliyaokota, nikayatia mfukoni, nikamaliza somo kwa pengo. Sidhani kama mtu alielewa neno. Niliposema "Neno la Bwana", watu wakaitikia "Tumshukuru Mungu" kwa sauti kubwa kupita siku zote, kwa huruma, nayo huruma ile ikanichoma kuliko kicheko cha watoto.

Tangu siku ile sikusoma tena. Nilimwambia Paroko kwamba macho yangu yamechoka. Huo ulikuwa uongo, na nimeuungama. Nikaacha kwenda arusini. Katika Jumuiya yetu nilikaa karibu na mlango, nikasali kwa midomo iliyofumbwa. Mtu asidhani jambo la meno ni dogo. Kibogoyo hajifichi watu kwa sababu hawezi kula. Hujificha kwa sababu anaona haya, na haya ikikaa sana huwa upweke.

PADRE NA MTAKATIFU APOLONIA

Wakati wa Noeli ile binti yangu mkubwa, anayekaa Dar es Salaam, aliniambia kwamba sasa yako meno ambayo hayavaliwi bali hupandwa. Daktari hutia skrubu ndogo ya madini katika mfupa wa taya, mfupa huikamata, kisha jino hufungwa juu yake. Watoto wangu wakaahidi kuchanga.

Nilifurahi, kisha nikaogopa. Nilikuwa mtu wa miaka 64. Je, si majivuno, mzee kujitafutia meno ya gharama wakati wajukuu wanadaiwa karo? Nikaenda kwa Paroko.

Akanisikiliza, kisha akauliza, "Mwalimu, hiyo miwani uliyovaa ni majivuno?"

Nikajibu, "Hapana, Padre."

"Basi na jino vile vile. Lakini nenda kwa akili. Angalia usije ukajinunulia meno ukamwacha mwingine na njaa."

Maneno hayo ya mwisho niliyachukua kuwa juu ya karo ya wajukuu. Baadaye nilijua yalikuwa na maana nyingine.

Akanikumbusha pia habari za Mtakatifu Apolonia, msimamizi wa wagonjwa wa meno na wa madaktari wao. Mtakatifu huyu ni wa bara letu la Afrika. Alikuwa bikira mzee wa mji wa Alexandria, nchini Misri, na mwaka 249 watu wa mji walipowashambulia Wakristo walimkamata, wakampiga mataya mpaka meno yake yote yakatoka. Kisha wakawasha moto, wakamwambia amkane Kristo au achomwe. Yeye akaingia motoni mwenyewe. Habari zake tunazo kwa sababu Dionisi, askofu wa Alexandria wakati ule, aliziandika katika barua kwa Askofu Fabi wa Antiokia. Sikukuu yake ni tarehe 9 Februari, na wachoraji humwonyesha ameshika koleo lenye jino. Nilitoka kwa Paroko nikiona haya kidogo. Mama yule alitoa meno yake yote asimkane Kristo. Mimi kwa meno matatu nimekimbia mimbari.

KUTOKA KOMBE LA BAHARI HADI TITANI

Mwalimu hata akistaafu haachi kusoma. Kabla ya kwenda kwa daktari nilitafuta habari za meno haya, nami nitakupa kidogo.

Tamaa ya kuziba pengo ni ya zamani sana. Mwaka 1931, huko Honduras katika Amerika ya Kati, kilipatikana kipande cha taya la chini la mtu wa taifa la Wamaya, aliyeishi yapata mwaka 600 baada ya Kristo. Mahali pa meno matatu ya mbele palikuwa pamechomekwa vipande vitatu vya kombe la bahari, vimechongwa kama meno. Wataalamu walipovichunguza kwa eksirei miaka mingi baadaye waliona kwamba mfupa ulikuwa umeota kuvizunguka. Maana yake vilitiwa mtu yule akiwa hai, na mfupa ukavikubali.

Wengine walitumia pembe, kama methali yetu isemavyo. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu. Watu husimulia kwamba alivaa meno ya mti, lakini si kweli. Meno yake yalitengenezwa kwa pembe, hasa ya kiboko, na pia kwa meno ya watu. Katika daftari la hesabu zake la mwaka 1784 yameandikwa malipo kwa watu weusi kwa ajili ya meno 9. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Pengo la tajiri liliwahi kuzibwa kwa kufungua pengo katika kinywa cha mtumwa. Tusiseme mambo ya kale yote yalikuwa mazuri.

Meno ya siku hizi yalipatikana kwa bahati. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Uswidi, daktari aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa. Alitia vyombo vidogo vya madini ya titani katika mifupa ya sungura. Alipomaliza akataka kuvitoa avitumie tena, maana vilikuwa vya gharama. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umeshikamana navyo kabisa. Mwingine angekasirika akatupa. Yeye akajiuliza kwa nini. Mwaka 1965, katika mji wa Gothenburg, alimtilia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, skrubu za titani katika taya la chini. Mtu huyo alikuwa na taya lenye kasoro tangu kuzaliwa na hakuwa na meno ya chini. Skrubu zile alikaa nazo mpaka alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40. Wenzake Brånemark walimpinga muda mrefu; ni baada ya mkutano wa wataalamu mjini Toronto mwaka 1982 ndipo dunia ilipomwamini. Alifariki mwaka 2014.

DAKTARI AKANIRUDISHA NYUMBANI

Januari 2024 nilikwenda Dar es Salaam. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikafungua kinywa. Akapiga eksirei, akagusa ufizi, akaona damu inatoka. Akauliza, "Baba, usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"

Nikashangaa. Nimekuja kwa habari ya meno, yeye anauliza habari za chooni! Nikamwambia mara nne. Akanipeleka kupimwa damu. Asubuhi kabla ya kula sukari yangu ilikuwa 13, na mtu mwenye afya haizidi 6 hivi.

"Baba, una kisukari," akasema. "Siwezi kukutia skrubu leo. Mfupa wako hautaishika vizuri na kidonda hakitapona upesi. Kisukari huharibu ufizi, na ufizi wenye ugonjwa nao hupandisha sukari. Hawa ni ndugu wawili. Nenda katibiwe kwanza, kisha urudi."

Nilirudi Morogoro na pengo langu, na ugonjwa ambao sikujua ninao. Siku ile nilinung'unika. Leo namshukuru Mungu kwa binti yule aliyekataa fedha zangu. Kisukari hakipigi hodi. Huingia kimya, kikala macho, kikala figo, kikala miguu. Na kwangu kilionekana mlangoni, yaani ufizini, kabla hakijafika vyumba vya ndani. Nilianza vidonge, nikaacha soda, nikapunguza ugali nikazidisha mboga, nikaanza kutembea kila alfajiri mpaka miguu ya Uluguru na kurudi. Mwezi wa Agosti kipimo kile kinachoonyesha sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita kikawa kizuri.

Septemba 2024 nilipanda treni ya umeme ya SGR, safari isiyofika saa mbili, nikalala juu ya kiti cha daktari. Alinipa ganzi. Akafungua ufizi, akatoboa mfupa taratibu, maji yakimwagika wakati wote, maana mfupa ukipata joto kali hufa. Akakaza skrubu mbili, akashona. Sikuona maumivu, ila sauti ya mashine ilinikumbusha karakana. Jioni uso ulivimba; kwa siku tatu nilikula uji.

Kisha tukangoja miezi sita. Hapo ndipo watu wengi hukosa subira. Kazi ya daktari ni saa moja; kazi ya mfupa ni miezi, wala haiharakishwi. Machi 2025 nilifungiwa meno matatu juu ya skrubu mbili, kama daraja juu ya nguzo. Nikajitazama katika kioo. Nikasema "Wathesalonike" mara tatu, yule binti akacheka mpaka machozi.

Gharama yake sitaificha: fedha zile zingemsomesha mjukuu mmoja sekondari ya bweni kwa miaka miwili.

KUKU WA KIENYEJI

Sasa nafika katika jambo lililonifanya nishike kalamu.

Watoto walikuja Jumapili moja kushukuru pamoja nasi. Akachinjwa kuku wa kienyeji, mgumu kama wanavyokuwa. Nikapewa paja, nikaling'ata kwa meno ya mbele mbele ya wote, wakapiga makofi. Nikageuka nimwonyeshe mama watoto. Yeye alikuwa akila wali na mchuzi. Kipande chake alikuwa amempa mjukuu.

Msomaji, jambo hilo nililiona kila siku tangu zamani. Sahani yake ni wali na mchuzi, ugali na mlenda, ndizi za kuchemsha. Nyama humpa mwingine, mara nyingi mimi. Mwaka 2012, katika jubilei ya miaka 25 ya ndoa yetu, nilisimama mbele ya wageni nikautaja upendo huo kuwa mfano kwa vijana. Watu walipiga vigelegele. Yeye aliinama.

Siku ile ya kuku nikamwuliza polepole, "Mama watoto, kwa nini huli nyama?"

Akasema, "Nimezoea."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto wa nne."

Mtoto wa nne alizaliwa mwaka 1997. Nikamwomba afungue kinywa. Magego matano hayakuwapo, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili. Alikuwa akitafuna kwa meno ya mbele, kama sungura, kwa miaka 28, mezani pangu. Ulikuwa upendo, sikatai. Lakini yalikuwa pia mapengo, nami sikuyajua kwa sababu hayaonekani mtu akicheka. Pengo langu lilikuwa mbele, likapata mchango wa ukoo. La kwake lilikuwa nyuma, likanyamaza.

Alinisimulia kwamba zamani, magego yalipouma akiwa mjamzito, wakunga walimwambia kila mtoto huja na jino la mama yake, naye akaamini. Wengi husema hivyo hata leo. Si kweli. Mtoto tumboni hachukui chokaa ya meno ya mama. Ila mimba hufanya ufizi uvimbe na kutoa damu upesi, na kutapika mara kwa mara huleta uchachu unaokula meno. Mama akipiga mswaki vizuri na kutibiwa, atazaa watoto wote na meno yake atabaki nayo. Tena mjamzito aweza kutibiwa meno. Amwambie tu daktari hali yake.

Nilimpeleka kwa binti yule yule. Nilikuwa nimeamua: nitauza kiwanja changu kidogo, naye apate skrubu kama mimi. Daktari akatuonyesha eksirei. Mfupa wa taya lake la juu ulikuwa umeyeyuka kwa miaka yote ile, na lile shimo la hewa lililo juu ya magego, kando ya pua, lilikuwa limeshuka. Palibaki mfupa mwembamba kama ganda. Kumtia skrubu ni lazima kwanza kuongeza mfupa, kungoja miezi mingi, ndipo kuanza safari niliyoifanya mimi. Yawezekana, lakini ni kazi kubwa na fedha nyingi.

"Mngekuja miaka 20 iliyopita," daktari akasema, kisha akanyamaza. Hakutaka kuniumiza.

Mama watoto akasema hapana. Alichagua meno ya kuvaa yenye fremu nyembamba ya chuma, inayokamata meno yaliyobaki kwa vikulabu. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya yale yangu. Yalimchubua mwanzoni, tukarudi mara tatu kurekebishwa, na mara zote tatu nilikwenda naye. Mwezi uliopita nilimkuta jikoni peke yake, anakula karanga za kukaanga. Hakuniona. Nikarudi nyuma kimya kimya nisimkatize.

NAKUACHIA HAYA

Nilimwuliza daktari kama methali yetu imepitwa na wakati. Akasema bado ni kweli. Jino la asili limening'inizwa ndani ya mfupa kwa nyuzi ndogo ndogo, nazo hukuambia ukitafuna hata chembe ya mchanga. Skrubu haina nyuzi hizo. Imeshikwa na mfupa moja kwa moja, haihisi kama jino. Haiozi, lakini ufizi unaoizunguka huugua usiposafishwa, na mfupa ukaiacha. Basi tunza kwanza jino alilokupa Mungu. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, usikose kabla ya kulala. Punguza vitu vitamu. Ufizi ukitoka damu, usingoje uume.

Ukiwa na pengo, usiuache mfupa ukayeyuka kimya. Pata shauri mapema, hata kama hutapata fedha ya skrubu. Usimwendee fundi wa mtaani. Mwulize daktari akuambie kinaga ubaga atakalofanya, gharama yote, na nani atakutazama baadaye. Mwambie ukweli juu ya sukari, juu ya sigara, juu ya dawa unazomeza. Akikukatalia, usimkasirikie, huenda anakuokoa.

Mimi nimerudi kusoma masomo. Watoto wale wa kipaimara wamekua, nao wakinikumba njiani bado hunitania. Sina neno. Lakini ninaposimama mimbarini sasa, simtazami mtu mwingine kwanza ila mama mmoja aliyekaa benchi la nne upande wa kushoto.

Leo usiku, msomaji, mtakapokaa mezani, watazame watu wa nyumba yako wanavyokula. Yuko anayetafuna upande mmoja? Yuko anayempa mwingine nyama yake kila siku? Usimwulize mbele ya watoto. Ngoja mmalize kula, vyombo vioshwe, kisha mwulize polepole.